Bundi wa Kanisani Hana Hatia

Msafiri atokaye Musoma kuja Mwanza hupita Kisesa, kisha huingia Igoma, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyojaa wachuuzi, mafundi, wachonga mawe, madereva na wakulima ambao mji umewakuta mashambani mwao. Hapa pana soko kubwa, pana majabali yaliyopangana kama magunia ya pamba ghalani, na pana makanisa ya kila namna: ya mawe, ya matofali ya kuchoma na mengine ya mabati matupu. Kila Jumapili nyumba hizo hujaa watu, na kila moja ina daftari la waumini wake, waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki.

Lakini nyumba hizo zina wakazi wengine ambao hakuna katibu aliyewaandika katika daftari lolote. Hao ni mbayuwayu wa kwenye upenu, popo wa darini, mjusi wa kwenye ngazi, pimbi wa kwenye majabali ya nyuma, nyuki wa kwenye ufa wa ukuta, paka wa sakristia, na bundi wa mnarani. Leo tunataka kuwazungumza hao. Wapo watakaouliza kama mambo ya ndege na mijusi ni ya kujaza ukurasa huu, mahali ambapo wananchi wamezoea kusoma habari za pembejeo, maji na barabara. Tunawaomba watusome mpaka mwisho, maana tutafika mahali ambapo habari ya ndege inageuka kuwa habari ya roho za watu.

Sisi tulipata elimu yetu ya kwanza juu ya mkeka wa chuo, na juzuu ya Amma mapajani. Ya pili tuliipata katika shule ya Serikali, juu ya dawati. Makanisani tunaingia kama wageni, kwenye mazishi, kwenye arusi, na kwenye sherehe ambazo viongozi wa Chama hualikwa. Basi mgeni ana faida moja, nayo ni kwamba wenyeji wakiwa wanaimba, yeye ana nafasi ya kutazama juu. Huko juu tumeona mengi.

Tuanze na mbayuwayu. Katika makanisa ya kandokando ya Ziwa Victoria ndege huyu hujenga kwa tope, tone kwa tone, chini ya upenu au juu ya boriti, kikombe kidogo chenye manyoya ndani yake. Hachagui dhehebu. Anachotafuta ni ukuta mkavu, paa lisilovuja na mlango usiofungwa mchana kutwa, na hizo ni sifa za nyumba ya ibada popote duniani. Waandishi wa kale waliliona jambo hilo, na Zaburi ya 84 inawataja shomoro na mbayuwayu waliojipatia makao karibu na madhabahu. Wapo pia mbayuwayu wageni, wanaofika kwetu kutoka Ulaya kuanzia miezi ya Septemba na Oktoba na kuondoka Machi au Aprili. Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi huruka maelfu ya kilometa, akivuka jangwa la Sahara, ili aje kula wadudu wetu. Nao wadudu hatuna uhaba nao. Kila mkazi wa Mwanza ameona wingu jeusi likiinuka juu ya ziwa kama moshi wa moto wa nyika, na likifika nchi kavu linageuka kuwa wadudu wadogo wasiohesabika, wanaojaa taani, machoni na katika mboga. Mbayuwayu huwala wadudu hao tangu macheo hadi machweo, bila mshahara na bila posho.

Jua likizama, zamu huchukuliwa na popo. Hapa tunajua kwamba wazee wa makanisa watakunja uso, maana mavi ya popo hunuka, huozesha dari, na huangukia vitambaa vya madhabahu. Malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo, popo wadogo wanaolala chini ya mabati ni walaji wa wadudu, na mbu wamo katika chakula chao. Huko Uingereza, ambako makanisa mengi yana umri wa karne tano na zaidi, popo wanalindwa kwa sheria tangu mwaka 1981, na walinzi wa makanisa hawaruhusiwi kuwaua wala kuziba matundu yao ovyo. Imewabidi watafute njia ya kukaa nao. Sisi hatusemi kila kanisa lifuge popo. Tunasema fundi aweke dari iliyozibwa vizuri, aachie popo nafasi yao juu ya dari hiyo au katika mti wa jirani, na mambo yaishe bila moshi wala sumu.

Pamoja na sifa hizo, ukweli una upande wa pili na hatuna haki ya kuuficha. Mkoa jirani wa Kagera ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025, na wataalamu wanajua kwamba virusi vya ugonjwa huo huishi katika miili ya aina fulani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni. Kwa hiyo popo hashikwi kwa mkono mtupu, haliwi, na mavi yake hayafagiliwi makavu na mtoto asiyefunika pua na mdomo. Kumheshimu kiumbe ni pamoja na kujua umbali wa kukaa naye.

Kiumbe wa tatu ni mwenyeji halisi kuliko sisi sote. Nje ya makanisa ya Igoma, juu ya ngazi za saruji na juu ya majabali, huota jua mjusi ambaye dume lake lina kichwa na kifua chekundu na mwili wa rangi ya samawati, kana kwamba amechovywa katika mikebe miwili ya rangi. Watalii humpiga picha kwa wingi. Wachache kati yetu wanajua kwamba mjusi huyu amebeba jina la mji wetu katika vitabu vya elimu ya viumbe vya dunia nzima. Anaitwa Agama mwanzae, jina alilopewa na mtaalamu Arthur Loveridge mwaka 1923. Mikoa mingi ya Afrika ingefurahi kuwa na balozi wa namna hiyo. Sisi watoto wetu wanamrushia mawe.

Twajua mawe hayo yanatoka wapi. Dume la mjusi huyu hutikisa kichwa juu na chini, na watoto husema anawadhihaki watu wanaosali. Wengine wamesikia ile Hadithi ya mjusi aliyepuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, ndiyo maana Kiswahili kikampa mjusi wa ukutani jina la mjusi kafiri. Sherehe ya Hadithi tunawaachia masheikh, ndio wenye elimu hiyo. Tunalosema sisi ni dogo: mjusi anayetajwa humo ni yule mdogo wa ndani ya nyumba, wala si huyu wa majabalini. Na huyu wa majabalini hatikisi kichwa kwa dhihaka. Anawaambia madume wenzake kwamba jabali hili lina mwenyewe, na anawaita majike. Ni hati yake ya kumiliki kiwanja, na katika mji wenye migogoro ya viwanja kama wetu, hapo pana jambo la kumwonea wivu.

Sasa tuingie ndani, kwa wanyama wanaoletwa kanisani na watu wenyewe. Katika makanisa mengi ya Tanzania, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na waumini wa African Inland Church pia, kuna siku ya shukrani ya mavuno. Siku hiyo mkulima huleta alichojaliwa: mtama, mahindi, mpunga, viazi, na pia kuku, bata, mbuzi, kondoo, hata ng'ombe. Baada ya ibada hufanywa mnada. Tulialikwa katika sherehe moja ya namna hiyo hapa Igoma, na tulijifunza mambo ambayo semina nyingi za uchumi hazijatufunza.

Mbuzi wawili walifungwa kwenye mti wa mwembe nje ya mlango. Jogoo mmoja mwekundu aliwekwa chini ya benchi, miguu imefungwa kwa ukili, na kila mhubiri alipovuta pumzi, yeye akawika. Waimbaji walicheka, mhubiri naye akacheka, akasema kwamba jogoo ana historia ndefu katika dini yao tangu usiku ule wa Petro. Mnada ulipoanza, bibi mmoja mzee, mjane, alileta tetea mdogo asiyefika hata kilo moja. Aliyemnunua kwanza alilipa bei ya kuku wawili, kisha akamrudisha mezani auzwe tena. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Tetea yule aliuzwa mara nne, na mnunuzi wa nne akaenda akamkabidhi yule bibi mikononi mwake, arudi naye nyumbani. Fedha zikabaki kwa ajili ya paa la kanisa, kuku akabaki kwa mwenyewe, na bibi akatoka akiwa amepigiwa vigelegele. Huo ndio ujamaa ambao hauhitaji kuandikiwa azimio. Tunamwomba msomaji amkumbuke bibi huyo, na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, kwa kuwa tutamrudia.

Kutoka Igoma si mbali kufika Bujora, kule Kisesa, katika Wilaya ya Magu. Huko, katika miaka ya 1950, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliamua kwamba Msukuma asilazimike kuvua Usukuma wake mlangoni ndipo aingie kanisani. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa kufuata nyumba ya msonge, na kando yake ikaanzishwa Makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za watemi na banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kila mwaka, katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni hivi, hufanyika Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma kati ya vikundi vya Bagika na Bagalu.

Hapo wanyama hawakai pembeni. Chama cha Bayeye, ambacho tangu zamani kinajua nyoka na dawa za kuumwa na nyoka, hucheza na chatu mabegani. Wapo Banunguli, ambao kazi yao ya asili ilikuwa kuwasaka nungunungu, maadui wa mihogo na karanga, hadi ndani ya mashimo yao, na ngoma yao inasimulia kazi hiyo. Walikuwa wamisionari wengi kabla ya Clement ambao wangemwona chatu karibu na uwanja wa kanisa wakaita bunduki. Yeye aliona elimu. Aliona kwamba watu waliokaa na nyoka miaka mamia walikuwa na mengi ya kumfundisha mtu aliyetoka nchi ya theluji. Kipimo cha hekima hiyo ni kwamba yeye alifariki zamani, lakini makumbusho na ngoma za Bujora zimebaki mikononi mwa wenyeji.

Basi kama chatu amepata nafasi yake Bujora, na jogoo nafasi yake mnadani, na mbayuwayu nafasi yake juu ya boriti, kwa nini mmoja peke yake asipewe nafasi? Hapo tumefika kwa bundi.

Habari ya bundi kutua juu ya paa la kanisa huenea mtaa mzima kabla jua halijachomoza. Mwenye kumwona humwambia jirani, jirani huuliza ni nani mgonjwa, na kama mgonjwa yupo, watu huanza kuuliza ni nani aliyemtuma ndege. Vijana huleta mawe na manati. Wazee wa kanisa, watu wanaoamini ufufuo wa wafu, hujikuta wakinong'ona juu ya ndege kama watu wasiowahi kufungua Kitabu. Wala misikiti yetu haijasalimika na ugonjwa huo. Hofu ya bundi haina dini.

Tumtazame basi huyu mshitakiwa kwa utulivu, kama mahakama inavyopaswa. Bundi anayependa minara ya makanisa, maghala na majumba ya zamani ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo. Tumbo lake jeupe likimulikwa na taa usiku huonekana kama sanda inayoruka, na mabawa yake, kwa jinsi manyoya yalivyoumbwa, hayatoi sauti. Makinda yake yakiwa na njaa hutoa sauti kama ya mtu anayekoroma au anayesongwa na pumzi. Naye bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa midogo. Vidonge hivyo hurundikana chini ya mnara. Asiyejua akivikuta asubuhi, mifupa na nywele vimefungwa pamoja mlangoni pa kanisa, huapa kwamba ni hirizi. Anayejua huvipasua kwa kijiti, akahesabu mafuvu ya panya, akaenda zake kazini.

Hesabu hiyo ndiyo utetezi wote wa bundi. Ndege mmoja mzima hula panya watatu au wanne kwa usiku mmoja, na akiwa na makinda huwinda zaidi ya hapo. Panya wa mashambani ni adui wa taifa hili. Watafiti wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamefanya kazi juu yao kwa miaka mingi, na makadirio ya hasara ya mahindi kwa mwaka yamefika hata asilimia 15. Mkulima wa Magu au Misungwi anayenunua sumu ya panya dukani, kisha akamuua bundi wa kanisani, amefukuza askari aliyekuwa akilinda ghala lake bure, akaajiri mwingine kwa fedha.

Lakini jambo haliishii kwenye mahindi. Laiti lingeishia hapo, tungeliandika kwa mistari michache katika ukurasa wa kilimo. Katika nchi yetu ndege huyu ameshitakiwa pamoja na binadamu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa yao Usukumani, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Ushahidi wenyewe ulikuwa wa namna gani? Macho mekundu, ambayo mama yeyote aliyepika kwa kuni au kwa kinyesi cha ng'ombe miaka 40 atakuwa nayo. Mtoto wa jirani aliyekufa kwa homa. Bundi aliyelia juu ya nyumba. Kisha akafuatwa mpiga ramli chonganishi, akataja jina, na usiku panga likafanya kazi. Mauaji ya namna hiyo hayakukoma na mwaka 1984. Serikali, viongozi wa dini na mashirika ya wananchi wameendelea kupambana nayo hadi karne hii.

Ndiyo maana tulimwomba msomaji amkumbuke yule bibi wa tetea. Siku ya mnada kanisa zima lilimshangilia. Je, usiku ambao bundi atatua juu ya mnara wa kanisa lile lile, na mtoto wa jirani akaugua, macho yake mekundu yatasomwaje? Waliompigia vigelegele watasimama wapi? Hilo ndilo swali letu, na hatuliulizi kwa mzaha. Jiwe la kwanza akirushiwa bundi, la pili hutafuta mtu.

Watu husema bundi huonekana makaburini, kwa hiyo ni ndege wa kifo. Igoma tuna makaburi ambayo taifa zima linayajua. Humo wamelala wengi wa wale waliopotea katika meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, na wamelala Wakristo na Waislamu pamoja, kama walivyosafiri. Bundi hufika makaburini kwa sababu pana majani marefu, na kwenye majani marefu pana panya. Na meli ile haikuzamishwa na ndege wala na mchawi. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 430, ikabeba wengi kupita hao pamoja na mizigo, na haikuwa imara majini. Kila kifo kina chanzo chake, na chanzo kikijulikana hurekebishwa. Anayemshitaki bundi huacha chanzo kiendelee kuua. Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na hapa tunamwona ujinga akiwalinda wenzake wawili.

Nyumba za ibada zina uwezo mkubwa wa kusaidia katika vita hii, na mfano mzuri uko Ethiopia. Katika nyanda za juu za kaskazini, kama vile Gondar Kusini, karibu misitu yote ya asili imekwisha kuwa mashamba na malisho. Palipobaki miti ni kuzunguka makanisa ya Kiorthodoksi ya Tewahedo, ambayo kwa karne nyingi yamekataza kukata msitu wa kanisa. Ukitazama kutoka angani utaona vitone vya kijani katikati ya nchi ya kahawia, na katikati ya kila kitone pana paa la kanisa la mviringo. Humo wamesalimika ndege, nyani, nyuki na miti isiyoonekana tena mahali pengine. Mtaalamu wa huko, Dakta Alemayehu Wassie Eshetu, akishirikiana na Mmarekani Margaret Lowman, aliwashawishi makasisi na waumini kujenga kuta za mawe kuzunguka misitu hiyo ili ng'ombe wasiingie. Mawe yenyewe yalitoka mashambani, ambako yalikuwa yakiwasumbua wakulima. Kwa hiyo shamba likasafika na msitu ukalindwa kwa kazi moja.

Sisi Usukumani hatuhitaji kuazima wazo hilo. Tunayo ngitili, desturi ya wazee wetu ya kutenga sehemu ya ardhi ipumzike, majani na miti viote, mifugo isiguse mpaka kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo na kurudisha miti katika maeneo yaliyokuwa yameanza kuwa jangwa. Kama kijiji kinaweza kuwa na ngitili, kanisa nalo linaweza, na msikiti pia. Leo tunaona kinyume chake. Kanisa likipata fedha, kazi ya kwanza ni kukata mwembe uliopandwa na waanzilishi, ya pili ni kumwaga saruji kiwanja kizima, ya tatu ni kuziba kila tundu. Nyumba inang'aa, lakini imekuwa kimya kama ghala tupu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo, nayo ni machache na hayahitaji mfadhili. Kwanza, kamati za ujenzi za makanisa na misikiti ya Mwanza ziache angalau robo ya kiwanja bila saruji, na zipande humo miti ya asili. Pili, fundi anayejenga mnara aache dirisha moja dogo lililo wazi juu kabisa, na aweke ubao chini yake wa kukinga uchafu. Tatu, walimu wa shule za msingi wawachukue watoto wakahesabu mafuvu ya panya katika vidonge vya bundi. Somo hilo la saa moja litavunja hofu ya miaka mia. Wavae glovu au watumie vijiti, na wanawe mikono kwa sabuni. Nne, viongozi wa mitaa na mabalozi wa mashina wakisikia minong'ono ya bundi na majina ya wazee ikitajwa pamoja, wasingoje. Waende usiku ule ule nyumbani kwa mzee anayetajwa, wakae naye, na watoe taarifa polisi. Mpiga ramli chonganishi ashitakiwe, ndege aachwe.

Tano, tunawaomba mapadri, wachungaji na maaskofu watumie mimbari zao. Wakatoliki wanayo sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi tarehe 4 Oktoba, mtu ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa watetezi wa mazingira. Sisi Waislamu tunamkumbuka kwa jambo jingine, kwamba mwaka 1219, wakati wa vita, alivuka mistari ya majeshi kule Misri akaenda kuzungumza kwa amani na Sultani al-Kamil. Mtu kama huyo anafaa kutajwa siku moja katika mwaka kwa ajili ya bundi na kwa ajili ya wazee wetu. Nao masheikh wana sura za Kurani zilizoitwa kwa majina ya Ng'ombe, Nyuki, Buibui na Tembo. Hawatakosa la kusema.

Mwaka 1961, katika Ilani ya Arusha, Mwalimu aliutangazia ulimwengu kwamba wanyamapori wa nchi hii ni dhamana tuliyokabidhiwa. Wengi walidhani anazungumzia simba na tembo wa Serengeti tu. Lakini dhamana haianzi kwenye lango la hifadhi. Inaanza pale Igoma, juu ya mnara wa kanisa, usiku, ambapo ndege mweupe anarudi na panya mdomoni, na chini yake bibi mmoja mzee amelala peke yake nyuma ya mlango wa mabati. Wote wawili ni raia wema. Wote wawili wana haki ya kuamka salama.